Kwa Nini Tunauliza Mara Mbili

Wenzangu wa kliniki ya wanaume,

Mliponiaga kule chumba cha chai mlinipa blanketi, saa ya ukutani na keki yenye jina langu lililokosewa herufi moja. Nashukuru kwa vyote, hata keki. Lakini mmoja wenu, ambaye sitamtaja, aliniuliza maswali mawili mdomo ukiwa umejaa, nami nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Aliuliza kwa nini kwetu mgonjwa hadungwi sindano ya homoni mpaka aulizwe mara mbili mbele ya shahidi, na hali fomu ya hospitali inataka sahihi moja tu. Tena akauliza lile koleo la kuhasia ng'ombe lililo kwenye droo ya tatu ni la nani. Maswali hayo yana jibu moja. Ni refu, na sehemu yake inanitia aibu, ndiyo maana sikulitoa mbele ya keki.

Nilianza kazi Kwa Vonza, katika zahanati ya vyumba viwili na tangi la maji lililovuja upande wa kaskazini. Mkubwa wangu alikuwa Sista Zainabu. Kwao ni Kitui mjini, familia ya wafanyabiashara ambao mababu zao walitoka pwani, na alizungumza Kikamba kama sisi na Kiswahili kutushinda sote. Siku ya kwanza alinipa kanuni yake kabla ya kunipa ufunguo wa kabati la dawa. Mgonjwa aambiwe jina la dawa, kazi ya dawa na ubaya wa dawa. Ukishindwa kumwambia moja kati ya hayo matatu, usimguse.

Nilidhani ni maneno ya kukaribishwa. Saa nne asubuhi hiyo hiyo nilimdunga mwanamume mmoja sindano ya makalio nikamwacha aende bila kumwambia chochote, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na yeye hakuuliza. Sista Zainabu alipojua, alinivua aproni akanituma sokoni nikamtafute. Nilimpata kwenye mnada wa mbuzi, ameshika kamba, nikamwambia pale pale ile sindano ilikuwa ya ugonjwa gani. Nitasema tu kwamba watu waliomzunguka walisikiliza kwa makini na yeye hakufurahi. Jioni Sista Zainabu alinifundisha somo la pili, linalohusu siri za wagonjwa.

Baadaye nilipelekwa wodi ya upasuaji ya wanaume. Siku hizo mtu mwenye saratani ya tezi dume iliyosambaa hadi mifupani alikuwa na tiba moja ya maana, nayo ilikuwa kisu. Alikuwa anaondolewa korodani zote mbili. Homoni ya kiume hutengenezwa huko kwa wingi, na saratani hiyo huishi kwa homoni hiyo, kwa hiyo ukiondoa kiwanda unaikosesha riziki. Nimewaona wanaume wakipona maumivu ndani ya siku chache na kuanza kudai chakula. Nimewaona wengine wakitia sahihi asubuhi na kupitia dirishani kabla ya chakula cha mchana. Wodi ilikuwa ghorofa ya chini, na nadhani aliyeijenga alijua.

Ndipo ikaja sindano. Mnaijua, ile yenye mdomo mnene kuliko yote tuliyonayo, inayosukuma punje ndogo kama ya mchele chini ya ngozi ya tumbo. Punje huyeyuka polepole kwa miezi mitatu na kuzima kiwanda bila kisu. Nilifundishwa kuidunga kwenye kipande cha nyama ya nguruwe, jambo ambalo sikumwambia Sista Zainabu. Nilifundishwa kubana ngozi kwa vidole viwili, kuingia mlalo, kusukuma mpaka usikie mlio, na kubonyeza pamba hapo kwa muda wa kutosha kuuliza habari za nyumbani. Nimeidunga kwa miaka mingi na sijamwacha mtu na uvimbe mkubwa kuliko sarafu. Hilo nalisema kwa kujivuna, kwa sababu yanayofuata si ya kujivunia.

Wakati huo nilikuwa nimeshaolewa Kilungu. Mume wangu Muthiani ni mwalimu, na tulihamia Makueni ndipo nikaanza kliniki hii katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Baba yake, Mzee Nzioka, alikuwa na mashamba madogo matatu ya mteremko, miparachichi na michungwa, na kazi moja iliyomfanya ajulikane kutoka vilima vyetu hadi Kambu kwenye barabara kuu. Alikuwa anahasi madume. Hakutumia kisu. Alikuwa na koleo kubwa la chuma lenye mikono mirefu, linalobana mishipa juu ya korodani bila kupasua ngozi, na dume lilirudi malishoni siku hiyo hiyo bila tone la damu.

Nilimwona akifanya kazi hiyo mwezi wangu wa kwanza kama mke mpya, nikiwa nimesimama mlangoni mwa jikoni. Dume lilikuwa limelazwa, watu wanne wamelishika, koleo liko tayari. Mzee akamwangalia mwenye dume akamwuliza, "Nibane?" Mtu akasema bana. Mzee hakubana. Akamwita jirani asogee, akauliza tena mbele yake, "Nibane?" Mtu akasema tena bana. Hapo ndipo alipobana. Muthiani alinieleza kwamba baba yake hajawahi kuacha desturi hiyo, hata wenye haraka walalamike namna gani. Kitu kisichorudi, alikuwa akisema, hakichukuliwi kwa neno moja.

Nasi tulikuwa na nthoni, ile heshima yenye haya kati ya mtu na wakwe zake. Ninyi mliozaliwa mjini mnaicheka, lakini ilitulea. Sikukaa kwenye kiti kando ya baba mkwe. Sikutaja mbele yake jambo lolote la mwili wa mtu kuanzia kiunoni kwenda chini. Nikiingia alipo, nilisimama mlangoni na kusema nililotumwa. Yeye aliniita Mama Mwende, kwa jina la binti yangu wa kwanza, na hakuniuliza kazini nafanya nini. Alijua niko hospitali. Kwamba kutwa nzima nawauliza wazee kama yeye mkojo wao unatokaje, hilo tuliliacha lilale.

Alipoanza kuumwa mgongo, alikuja hospitalini na Muthiani kama mtu anayeumwa mgongo. Daktari wetu wakati huo alikuwa Daktari Ochieng, kijana mwenye mikono mizuri ambaye Kikamba chake kiliishia kwenye salamu. Alipima, akatuma damu maabara, akatuma picha ya mifupa. PSA, kile kipimo cha damu kinachopanda saratani ya tezi dume ikiwa inafanya kazi, kilikuwa juu sana, na mgongo ulikuwa umeshaingiliwa. Akaniita mimi, muuguzi pekee wa kliniki, nimtafsirie mgonjwa.

Muthiani alikuwa amekwenda kutafuta maji ya kunywa. Mle chumbani tulikuwa watatu, nami nilikuwa nimesimama mlangoni. Daktari Ochieng alieleza vizuri na polepole. Alisema huu ni ugonjwa wa tezi dume ulioingia mifupani. Alisema sindano itazima homoni ya kiume, kwamba ni kumhasi mtu kwa dawa, kwamba atapoteza nguvu za kiume, atapatwa na joto la ghafla, kifua kinaweza kuvimba, misuli itapungua. Alisema mgonjwa ana haki ya kukataa. Kisha akaniangalia.

Nikamwambia baba mkwe wangu, kwa Kikamba kizuri kabisa, "Baba, daktari anasema utadungwa sindano ya kutuliza mgongo, kila baada ya miezi mitatu."

Mzee akasema sawa. Daktari Ochieng akatabasamu, akanishukuru kwa kufupisha. Fomu ikawekwa kidole gumba. Nilimwita mwenzetu wa wodi ya pili aje adunge, nami nikasimama nje ya pazia nikihesabu vigae vya sakafu. Nilijiambia nitamwambia Muthiani naye atamwambia baba yake. Nilimwambia Muthiani, akalia, akasema atatafuta siku. Siku hiyo hatukuipata. Mgongo ulipoa, mzee akarudi mashambani, na ilikuwa rahisi sana kuona kwamba nilifanya vyema.

Alidungwa mara nne kwa mpangilio huo. Mara ya tano hakuja. Nilikuwa kama ninyi leo, yaani mimi ndiye niliyeshika rejista, na niliona nafasi tupu mbele ya jina lake. Nikaweka alama ya penseli nikaendelea na jina linalofuata. Mgonjwa mwingine yeyote ningempigia simu kabla ya saa nne.

Habari zilianza kuja kwa vipande. Muthiani alisema baba yake amekataa kwenda kuhasi madume mawili Kambu na hakutoa sababu. Halafu mama mkwe akasema amejiuzulu uzee wa kanisa, hasimami tena mbele kusoma, anakaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya maombi ya mwisho. Ilikuwa Oktoba, mvua bado, na joto hata huko milimani lilikuwa la kumfanya kuku afungue mdomo. Jumamosi moja tulikwenda kuwaona. Mzee alikuwa amekaa nyuma ya nyumba peke yake, amevaa koti zito la baridi, amefunga vifungo vyote hadi shingoni.

Kwa kazi yangu nilihitaji kuona koti tu. Nilijua analivaa kuficha kifua kilichovimba. Uso ulikuwa umejaa na kulainika, ndevu zimekuwa chache. Jasho lilikuwa likimtiririka naye halifuti. Nilisimama kwenye kona ya nyumba nikiwa na kikombe cha chai nilichotumwa kumpelekea.

Aliniona. Akaniambia niweke chai juu ya jiwe. Nilipogeuka kuondoka, akasema jambo ambalo mkwe hapaswi kumwambia mkwe, na alilisema akiangalia bonde.

"Mama Mwende, yale madume yamenirudia."

Akaendelea kwa sauti ile ile ya chini. Alisema amehasi tangu ujana, na hakuna mtu katika vilima hivi anayejua dume lililohasiwa kumshinda. Linanenepa hapa na hapa. Ngozi inakuwa laini. Halitafuti ugomvi, linakaa pembeni. Sasa yeye amekuwa hivyo, na hakuna mtu aliyemshika. Amesali mpaka maneno yamekwisha. Amejaribu kukumbuka dume gani alilibana vibaya, mwenye dume yupi hakukubali kwa moyo. Amekosa. Mwishowe ameelewa kwamba Mungu amemlipa kwa yote pamoja, na mtu aliyelipwa na Mungu haendi tena kusumbua hospitali kwa sababu ya mgongo.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nataka mjue kwamba niliiona nafasi hiyo wazi. Mzee angeendelea kuamini, nami ningebaki mkwe mwenye heshima, na ugonjwa ungemaliza kazi yake bila mtu kuniuliza.

"Si Mungu, Baba," nikamwambia. "Ni mimi."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama pale kwenye kona. Jina la dawa, kazi ya dawa, ubaya wa dawa, kwa maneno ambayo sijawahi kuyatamka mbele ya mtu wa umri wake nje ya kliniki. Nilimwambia ana saratani, iko wapi, na ilifikaje mgongoni. Nilimwambia sindano imezima homoni yake ndiyo maana mwili umekuwa hivyo, na kwamba bila sindano mgongo utarudi na safari hii unaweza kumkata miguu. Alisikiliza bila kugeuka.

"Ulijua siku ya kwanza?"

"Nilijua."

"Na daktari alijua?"

"Daktari alisema yote, Baba. Ni mimi sikuyafikisha."

Chai ilishika utando juu ya jiwe. Kisha akasema, "Ng'ombe wa mtu mimi namuuliza mwenyewe mara mbili. Wewe hukuniuliza hata mara moja."

Akaniambia niende. Nilikwenda. Nilimweleza Muthiani njiani naye hakunilaumu, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko lawama, maana alikuwa anabeba nusu yake. Jumatatu nilikwenda kwa Daktari Ochieng nikamweleza na yeye. Aliandika onyo likaingia kwenye faili langu, na liko humo hadi leo kama mnapenda kulitafuta. Lilinistahili. Wiki tatu sikulala vizuri. Nilihofia nimemuua mtu kwa adabu.

Wiki ya nne, siku ya kliniki, mzee aliingia na koti lake, Muthiani nyuma yake. Alipita foleni nzima, akasimama mbele ya meza yangu, akamvuta mwanawe kando yake.

"Huyu ni shahidi. Sasa niulize."

Wazee wote waliokuwa kwenye mabenchi walitugeukia. Nilisimama. Kisha nikamwuliza kama anakubali kudungwa sindano ya kuzima homoni ya kiume, akijua inafanya nini. Akasema anakubali. Nikamwangalia Muthiani, halafu nikauliza tena, neno kwa neno. Akasema anakubali. Nilipogeuka kumwita mwenzangu adunge, mzee akakataa. Aliyeficha ndiye atakayedunga, akasema. Akavua koti, akalikunja vizuri, akampa mwanawe, akalala kitandani na kufunika uso kwa kofia yake ili nthoni ipate mahali pa kukaa. Nilibana ngozi kwa vidole viwili. Nilipobonyeza pamba nilimwuliza habari za nyumbani, naye chini ya kofia akasema parachichi zimezaa.

Tangu siku hiyo kliniki yetu inauliza mara mbili mbele ya shahidi. Hakuna waraka kutoka makao makuu. Msiutafute.

Sindano iliushika ugonjwa miaka mitatu. Kisha PSA ikaanza kupanda, kidogo, halafu si kidogo, ingawa homoni kwenye damu ilikuwa chini kabisa. Hapa ndipo wengi wenu hukwama mnapoeleza, na ndipo mzee aliponifundisha kueleza.

Ninyi mnajua haya, lakini wacha niyaseme kama ninavyoyasema kwa wagonjwa. Ndani ya seli kuna maagizo, ndiyo jeni, na agizo halifanyi kitu mpaka linakiliwe. Homoni ya kiume inapoingia kwenye seli hukamatana na kipokezi chake, kile kinachoingoja humo ndani, na hicho kipokezi huingia kwenye kiini, hukaa juu ya maagizo fulani na kuyafanya yanakiliwe. Kua. Gawanyika. Usife. Sindano hupunguza homoni, kipokezi hukaa bila kazi, maagizo hayanakiliwi. Lakini saratani ikikaa muda mrefu na njaa hujifunza. Huongeza vipokezi, au hutengeneza vilivyokatwa kile kipande cha kushikia homoni, na hivyo hunakilisha maagizo bila kungoja homoni wala mtu. Huo ndio usugu.

Nilimweleza mzee hivyo, nimechora kwenye mgongo wa fomu ya maabara. Aliangalia mchoro muda mrefu.

"Dume ukichelewa kulihasi," akasema, "likiwa limeshazoea majike, unaondoa nguvu zake lakini halisahau. Linapanda tu. Si nguvu inalituma tena. Ni kichwa."

Nilimwambia ndivyo hasa. Tangu hapo sijachora tena seli kwa mfugaji yeyote.

Alipewa vidonge vya kuzuia homoni hata ile kidogo inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo na saratani yenyewe. Vikasaidia mwaka na zaidi, kisha vikachoka. Daktari Ochieng, ambaye sasa nywele zilikuwa zimeanza kurudi nyuma, alisikia hospitali moja ya Nairobi inatafuta wagonjwa wa majaribio ya dawa isiyoshughulika na homoni kabisa. Ilikuwa inakwenda pale kwenye kiini, kukizuia kipokezi kisiweze kunakilisha yale maagizo, kiwe kizima au kilichokatwa. Tulikwenda mzee, Muthiani na mimi. Fomu ilikuwa na kurasa nyingi kuliko gazeti la Jumapili. Daktari wa kule, mwanamke kijana mwenye subira, alisema ninaweza kumpa muhtasari.

Nikamwambia sitoi muhtasari. Nilisoma kila mstari kwa Kikamba. Nilisoma kwamba dawa haijathibitishwa, kwamba jaribio hili la kwanza ni la kutafuta kipimo salama, si la kumponya yeye, kwamba inaweza kushusha damu yake na kumtoa hamu ya chakula, kwamba inaweza isimfae chochote. Asubuhi yote ilikwisha. Mzee aliuliza maswali mawili.

"Hii ndiyo ya kichwa?"

"Ndiyo ya kichwa, Baba. Lakini hawajui kama itakisahaulisha."

"Na wakijua kwa mwili wangu, watu wa nyuma watafaidi?"

"Wanaweza kufaidi."

Nikamwuliza mbele ya Muthiani. Nikamwuliza tena. Daktari wa Nairobi aliweka kalamu chini akangoja, wala hakucheka.

Ilimfanyia kazi kwa muda. Maumivu yalipungua, PSA ikashuka, akapanda mteremko wa shamba la juu kwa miguu yake akakagua michungwa iliyochanua. Alianza tena kukaa benchi la mbele kanisani, bila koti. Siku moja alikuja kliniki na gunia, akatoa koleo lake akaliweka juu ya meza yangu. Akasema yeye hahasi tena, na ana hakika wako wanaume wanaokuja hapa wasioelewa maneno ya daktari. Nikishindwa na maneno niwaonyeshe hilo. Nimelionyesha mara nyingi. Kuna aliyekimbia, lakini alikimbia akijua anachokimbia, na alirudi.

Muthiani naye amepimwa, kwa kuwa ni mwana wa baba yake. Nilimwuliza mara mbili. Alisema mara moja ingetosha kwa mke.

Mzee Nzioka alifia nyumbani kwake Kilungu, mchana, akiwa na dawa ya kutosha ya maumivu. Nilihakikisha hilo mwenyewe. Dawa ile bado inachunguzwa, na nimesikia wameibadilisha kidogo. Mkisikia matokeo, naomba mmoja wenu anipigie simu.

Kuna siku moja nimeiruka kwa makusudi, ni ya miezi michache kabla hajafa, siku tuliyoitwa Nairobi kupewa majibu. Yule daktari kijana aliifungua picha ya mifupa kwenye kompyuta na hakuweza kuanza. Tulijua. Mwishowe alisema dawa imeshindwa, ugonjwa umepata njia nyingine, na yeye binafsi anasikitika sana kwa sababu alikuwa na matumaini. Macho yake yalikuwa yamelowa. Mzee alimwangalia kwa huruma, kama baba anayemwangalia mtoto aliyevunja kikombe.

"Daktari, usiweke huzuni," akamwambia kwa Kiswahili chake. "Hakuna mtu alinidanganya. Huyu mtoto wangu aliniuliza mara mbili."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mahali pangu pa siku zote. Akavuta kiti kilichokuwa kando yake, akakipigapiga kwa kiganja, akangoja mpaka nikakaa.